Kumrudisha ningu mtoni: tufunge uvuvi, tutengeneze mto au tumwage vifaranga?

Kikundi cha mwaloni, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, kikipata fedha kidogo za kumwokoa ningu, samaki wa Ziwa Victoria na mito yake, wazo la kwanza mezani karibu kila mara ni vifaranga, yaani samaki wachanga waliototoleshwa kituoni. Vifaranga vinahesabika, vinapigwa picha, mgeni rasmi anavimwaga mtoni kwa beseni na watu wanatawanyika wameridhika. Wazo la pili ni kufunga uvuvi mvua zinapoanza. Hilo halina mgeni rasmi, lina watu wenye hasira. La tatu, kuurudishia mto kingo zake na maeneo yake ya mafuriko, husifiwa na wote kikaoni kisha huachiwa serikali.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo), jumuiya za watumia maji na maofisa uvuvi wa wilaya au kaunti ambao lazima wachague, maana fedha za yote matatu kwa mpigo ni nadra. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwenye mito mingi ya bonde la Ziwa Victoria ambako ningu bado anaonekana, hata kwa uchache, anza kwa kufunga na vifaranga viwe vya mwisho. Ipo mito ambako mpangilio huo unabadilika, nitaitaja.

Samaki mwenyewe, na alivyopungua

Ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus, kiasili hapatikani popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria. Maisha yake ya kila siku ni ziwani na kwenye maji ya chini ya mito. Mvua zikianza, mto ukajaa na maji yakabadilika rangi, anapanda kwa makundi. Vuli anapanda, masika anapanda. Anachokitafuta ni maji yaliyofurika pembeni ya mto, penye nyasi zilizofunikwa. Anataga hapo na kugeuza kurudi chini. Samaki wachanga wanabaki kwenye vidimbwi vya mafuriko na kingo zenye majani mpaka wapate nguvu ya kushuka. Jike mmoja aliyekomaa hubeba makumi ya maelfu ya mayai, kwa hiyo kundi dogo likipata misimu michache ya kutaga kwa amani linaweza kuujaza mto bila msaada wa mtu. Jambo hilo ndilo linaloamua mengi katika ulinganisho huu.

Nyavu za makila, zinazotegwa majini zikamnasa samaki anapojaribu kupenya tundu, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, kwenye ghuba iliyoitwa Kavirondo, ambayo leo ni Ghuba ya Winam. Mwaka 1927 na 1928 mtafiti Mwingereza Michael Graham alilizunguka ziwa na kupendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5, hasa kwa ajili ya kumlinda ngege, samaki wa asili wa ziwa wa jamii ya sato. Sharti hilo liliondolewa Uganda na Tanganyika mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961, wakati ambapo nyuzi za nailoni zilikuwa zimeshafika. Nyavu za matundu madogo zikapangwa kwenye midomo ya mito, hasa mvua zinapoanza, na ningu akawa ananaswa akiwa njiani kwenda kutaga. Uvuvi wa ningu wa mto Nzoia, ambao tangu zamani ulitumia migono, yaani mitego ya kusukwa, na vizuizi vya miti, ulikuwa umeporomoka kufikia miaka ya 1960, na watafiti wa wakati huo waliunyooshea kidole uvuvi wa mdomoni.

Angalia tarehe hizo vizuri. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini hakutawala mpaka miaka ya 1980. Analaumiwa kwa mengi, na kwa furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, lawama hiyo anaistahili. Ningu alikuwa ameshaanguka kabla yake. Ndiyo maana mtu akiniambia hakuna la kufanya kwa sababu sangara wapo, namwomba aanze na hesabu ya miaka.

Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, linamweka ningu kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Juu ya uvuvi wa zamani yameongezeka mengine: kingo kulimwa mpaka ukingoni, mchanga kuchotwa, matuta ya kuzuia mafuriko, maji machafu ya viwanda na migodi.

Kufunga uvuvi

Kuna namna tatu za kufunga, na vikaoni watu huzichanganya.

Namna iliyozoeleka ni kufunga kwa tarehe. Kenya hufunga uvuvi wa omena, yaani dagaa, kuanzia Aprili hadi Julai. Zambia hufunga mito na maziwa yake mengi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Faida ya tarehe ni kwamba kila mtu anaijua, na hakimu akiletewa kesi hana cha kubishania. Kwa ningu, hata hivyo, tarehe ina kasoro kubwa kuliko kwa dagaa, kwa kuwa yeye anaitikia maji. Upandaji wake ni wa muda mfupi, kila mto unapojaa. Vuli ikichelewa wiki tatu, wavuvi watakaa na njaa mto ukiwa mtupu, kisha nyavu zitarudi majini siku zilezile samaki anapopanda. Mmefunga, na hamjalinda kitu.

Namna ya pili ni kufunga kwa alama ya maji. Mnachagua kipimo kimoja, kiwe ni kituo cha bonde la maji au nguzo ya daraja iliyopakwa rangi kila nusu mita, na mnakubaliana: maji yakifika alama hii, nyavu zote zinatoka mtoni na mdomoni kwa idadi fulani ya siku. Maji yakishuka, mnafungua. Tangazo linapita kwenye kundi la simu na kwenye vipaza sauti vya msikiti na kanisa. Ugumu wake ni mtu wa kusoma kipimo. Lazima awe mtu ambaye hata mvuvi aliyekasirika anakubali kwamba hadanganyi, na mara nyingi huyo si mwenyekiti wa BMU. Mwalimu wa shule iliyo karibu na mto au mama muuza chai pale darajani anafaa zaidi, kwa sababu hana wavu.

Ya tatu ni kufunga mahali: kipande cha mdomo wa mto kinakuwa marufuku mwaka mzima. Kukisimamia ni rahisi kuliko vyote, maana wavu ukikutwa pale hauna maelezo. Ila waumiaji wake ni wale wasio na injini, wanaovua mdomoni kwa sababu kasia haliwafikishi kilindini. Ukifunga mahali bila kuwaza hao watavua wapi, umewafukuza maskini wa mwalo na kuwaachia wenye boti.

Mimi ningechanganya. Eneo dogo la mdomo lifungwe moja kwa moja, na sehemu ya juu ya mto ifungwe kwa alama ya maji. Tarehe ningeitumia tu pale ambapo hakuna kabisa wa kusoma kipimo.

Kabla hamjaanza kuandika sheria ndogo mpya, someni zilizopo. Ningu ni samaki wa wastani. Mkubwa kabisa hufika kama sentimita 40, na wengi wanaovuliwa ni wadogo kuliko hapo. Wavu wa makila wenye tundu la inchi 5 au 6, ambao ndio kanuni za ziwa zimekuwa zikiutaka kwa sato na sangara, humwachia ningu apite. Anayemvua ningu kwa wingi anatumia tundu dogo, au timba (wavu wa uzi mmoja wa plastiki), au kokoro (wavu wa kukokota), na kokoro na timba vimekatazwa katika nchi zote tatu za ziwa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ulinzi wa ningu imeshaandikwa. Inakosa mtu wa kuisimamia usiku wa mvua ya kwanza.

Usiku huo ukoje? Wavu unafungwa kutoka tete la upande huu hadi tete la upande ule. Mtumbwi unapita taratibu, mmoja anapiga kasia, mwenzake anayapiga maji kwa mti, ndiyo katuli hiyo, na samaki waliokuwa wamejificha kingoni wanakurupukia wavuni. Asubuhi mwaloni beseni limejaa ningu wenye matumbo yaliyovimba. Ukimshika mmoja ukamminya kidogo tu, mayai yanachuruzika vidoleni. Wanunuzi wanampenda hivyohivyo, na bei yake huwa nzuri kuliko ya ningu mtupu. Hapo doria inashindana na soko, na soko halilali.

Gharama za kufunga ni mafuta ya boti, tochi, makoti ya mvua na ugomvi. Ugomvi ndio ghali zaidi. Doria inayoishi kwa posho ya mradi hufa siku mradi unapoisha. Kwa hiyo funga eneo ambalo wanachama wenyewe wanaweza kulizunguka kwa mtumbwi wa kasia, hata kama ni dogo kuliko lile ambalo mtaalamu angependa. Watu wa juu ya mto nao waitwe kikaoni tangu siku ya kwanza. Mwenye migono kule juu akisikia kwamba watu wa ziwani wamefunga, ataamini samaki wote ni wake msimu huu. Mgono ulioelekezwa kumnasa ningu anayeshuka baada ya kutaga una madhara madogo kuliko wavu unaomngoja anapopanda, kwa hiyo kuna nafasi ya kukubaliana: wa juu waruhusiwe migono ya kushukia, wasizibe mto mzima.

Matokeo? Hii ndiyo njia pekee kati ya zote ambayo inaweza kuonyesha mabadiliko ndani ya misimu michache. Pia ndiyo pekee inayoharibika ndani ya usiku mmoja.

Kuutengeneza mto

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kenya, kanuni za maji zinaweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Ukitembea kando ya mito hii utaona mahindi na mboga zimefika majini. Sisemi hivyo kuwabeza wakulima. Udongo mweusi wa ukingoni ndio unaowalisha mwaka ambao mvua imekataa. Lakini nyasi za ukingoni ndizo kitanda cha mayai ya ningu, na bila hizo unaweza kufunga uvuvi miaka 10 samaki akapanda na kukosa pa kutagia.

Hapa mito inaachana. Mara ya chini, upande wa Tanzania, bado ina ardhioevu kubwa ya Masurura inayofurika mvua zinapokuja. Nzoia ya chini ina Budalang'i, ambako matuta yalijengwa kuanzia miaka ya 1970 ili kuzuia mafuriko yanayozamisha nyumba na mashamba. Tuta linafanya kazi mbili kwa mara moja: linamkinga mtu na linamfungia ningu nje ya mahali pake pa kuzalia. Ziwa lilipopanda kupita kiasi mwaka 2020, na tena 2024, watu wa maeneo hayo walihama na watoto mikononi. Mtu atakayesimama mbele yao akapendekeza matuta yaondolewe kwa ajili ya samaki, asitegemee kuombwa aendelee. Kinachowezekana ni kuweka makalavati yenye milango ya kuingiza maji kwenye mikono ya zamani ya mto kwa wakati unaojulikana, au tuta likibomoka, lijengwe upya nyuma kidogo. Hizo ni kazi za wahandisi na bajeti ya taifa. BMU inaweza kuziomba na kuzipigia kelele, haiwezi kuzilipia.

Yako mawili ambayo kikundi kinaweza kuyafanya chenyewe. Moja ni kuacha nyasi zimee kati ya tuta na mto na kuwaomba wenye ng'ombe wapitie njia moja ya kunyweshea badala ya ukingo mzima. La pili halitajwi mara nyingi na ni la bei ndogo ajabu: kuwaopoa samaki wachanga. Mafuriko yakikauka, vidimbwi vinakatika na mto, vinapungua siku hadi siku, na samaki wachanga waliomo wanaishia kwa korongo au kwa jua. Watu watano wenye ndoo na kipande cha chandarua wanaweza kukimaliza kidimbwi kwa asubuhi moja na kuwarudisha samaki mtoni. Ninyi mnatafuta vifaranga? Hivyo ndivyo vifaranga, vya mto wenyewe, na hakuna aliyevilipia.

Kuhusu miti: pandeni mafunjo, matete, mikuyu, miti iliyozoea maji ya pale. Mikaratusi hapana. Kenya iliwahi kuagiza mwaka 2009 iondolewe kando ya mito kwa sababu ya kunyonya maji, na bado kuna sherehe za upandaji miti zinazopeleka miche ya mikaratusi ukingoni, kwa sababu ndiyo iliyopatikana kitaluni.

Mabwawa ya umeme yanastahili neno. Mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60 na ule wa Sang'oro wa megawati 21 unaoufuata hutumia maji yanayochepushwa kutoka kwenye mkondo wa mto, na kipande kinachobaki katikati hupata maji pungufu. Mto Mara, bwawa la Borenga limekuwa kwenye mipango kwa muda mrefu. Watu wakisikia bwawa huuliza ngazi ya samaki. Ngazi nyingi duniani zilichorwa kwa ajili ya samoni, samaki mrukaji, na kuinakili ngazi hiyo kwa ningu bila kuijaribu ni kumwaga saruji. Swali linalotangulia ngazi ni hili: je, bwawa litaachia mafuriko ya kwanza yapite? Bwawa likiyameza maji ya mvua ya kwanza kujaza tumbo lake, ningu kule chini haambiwi kwamba msimu umeanza. Sharti la kuachia maji liandikwe kwenye kibali kabla ya ujenzi. Baada ya ujenzi, kila lita ina mwenyewe.

Njia hii ni ya polepole na mafanikio yake hayaonekani kwenye ripoti ya mwaka mmoja. Faida zake hazimhusu ningu peke yake: samaki wengine kama kuyu, soga na kambale, na maji ya kunywa ya vijiji vyote vya chini, vinanufaika.

Vifaranga

Kitaalamu inawezekana. Uganda, watafiti walifanikiwa kumtagisha ningu kifungoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kenya, kituo cha Kegati, Kisii, cha taasisi ya utafiti wa uvuvi KMFRI, nacho kimefanya kazi ya kumzalisha. Kwa hiyo anayekuambia haiwezekani amepitwa.

Kazi yenyewe inaanza mtoni msimu wa mvua, kwa kukamata wazazi waliokomaa bila kuwachubua magamba. Wanawekwa kwenye matangi yenye maji yanayotembea. Jike anachomwa homoni kwenye msuli wa mgongo, saa kadhaa baadaye anafutwa maji, anakamuliwa mayai kwenye bakuli kavu. Dume anakamuliwa manii juu yake, na mchanganyiko unakorogwa taratibu kwa unyoya. Waliozoea kambale watafurahia jambo moja: dume wa kambale kwa kawaida huuawa ili manii yapatikane, dume wa ningu anakamuliwa na kurudishwa mtoni. Kazi ngumu huja mayai yakishaanguliwa. Samaki wa siku chache ana mdomo mdogo mno, anahitaji chakula hai kidogo kuliko vumbi la pumba, na umeme ukikatika usiku mmoja pampu za hewa zikanyamaza, asubuhi unachota maiti.

Sasa maswali ambayo mwenye kuuza vifaranga hatakuuliza. Wazazi walitoka mto gani? Ningu wa Kagera na ningu wa Nzoia hawapaswi kuchanganywa kwa sababu tu kituo kiko karibu na barabara. Wazazi walikuwa wangapi? Kanuni ya wataalamu ni kwamba wasipungue 50 wanaozaa kweli, na wabadilishwe. Vifaranga 20,000 wa majike watatu ni ndugu 20,000, na watakapozaana mtoni utaona kilema chake baadaye. Vimefundishwa kukimbia adui? Kifaranga wa tangi amezoea mkono unaoleta chakula, na kambale na sangara wa mdomo wa mto watakuwa wa kwanza kumpokea. Na la mwisho, utajuaje kama vilipona? Bila kuvitia alama, kwa mfano kukata ncha ya pezi moja la tumbo, ningu yeyote atakayevuliwa mwakani anaweza kuwa wako au asiwe.

Ziwa letu limewahi kujaribu dawa ya kupandikiza. Ngege walipopungua, miaka ya 1950 waliletwa sato na wengine wa jamii yao kutoka nje. Sato akastawi, akawa biashara, na akazaliana na ngege na mbiru, mwenzake wa asili, mpaka ngege halisi leo wanatafutwa kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli. Ni kweli, kumrudisha samaki wa mto kwenye mto wake ni tofauti na kuleta mgeni. Ila kosa la kuamini kwamba samaki akipungua dawa ni kumwaga wengine, bila kugusa kilichowapunguza, ni lilelile. Marekani, kwenye mto Columbia, wanatotolesha samoni tangu karne ya 19, na makundi kadhaa ya samoni wa asili wa bonde hilo bado yamo kwenye orodha ya walio hatarini.

Lini basi vifaranga vinafaa? Pale ambapo mambo matatu yamekutana: ningu ametoweka kabisa kwenye mto huo kwa misimu mingi ya kuangaliwa kwa makini, kilichomtoa kimeondolewa, na kuna wazazi wa mto uleule au wa jirani yake wa karibu. Likikosekana la pili, vifaranga ni chakula cha mwenye timba.

Kuna wanaopendekeza ufugaji wa ningu kwenye mabwawa ili kupunguza tamaa ya kumvua mtoni. Kama biashara, nauunga mkono; walaji wapo na kituo kikiuza mbegu kwa wafugaji kinajilipia. Lakini usiuite urejeshaji, na usiruhusu fedha za mto zichimbe bwawa la mtu.

Mto wako ni upi?

Mara: funga. Ningu anayetoka ziwani kuingia Mara anapita kwanza upande wa Tanzania, kutoka mdomoni karibu na Musoma na kupita daraja la Kirumi, kwa hiyo ulinzi wa sehemu muhimu kabisa hauhitaji kungoja mkataba wa nchi mbili. Ardhioevu ipo. Wasiwasi wa Mara ni maji ya juu, misitu ya Mau na zebaki ya wachimbaji wadogo, na kwa hayo Kenya na Tanzania lazima wakae pamoja. Lakini doria ya mdomoni haina sababu ya kusubiri.

Nzoia: hapa kufunga peke yake hakutoshi. Fungeni mdomo, lakini shilingi inayobaki iende kwenye kingo na uopoaji wa samaki wachanga, na kelele zenu zote ziende kwenye makalavati ya matuta.

Sondu-Miriu: kaeni mezani na wenye mtambo kuhusu maji ya mvua za kwanza kabla ya kununua hata tochi moja. Mkishapata ratiba ya maji, alama ya kufungia uvuvi ifuate ratiba hiyo.

Kagera ni kichwa kingine. Maji yake yanatoka Rwanda na Burundi, yanapita Tanzania, na mdomo wake uko Uganda. Wavu wa Uganda unaamua kama ningu atafika Tanzania. BMU moja haiwezi kitu hapo bila LVFO ya Jinja, shirika la uvuvi la nchi za ziwa, na ningeanza na barua kabla ya doria.

Vijito vidogo vilivyoishiwa ningu kabisa, ambavyo kingo zake zimesharudi, ndivyo pekee ambako ningewaambia watu wapige simu kituo cha vifaranga.

Kuhesabu, na wachuuzi

Njia yoyote mtakayochagua, andikeni kabla hamjaanza. Daftari moja mwaloni linatosha: tarehe, kina cha maji, ningu wangapi kwa wavu mmoja kwa usiku mmoja, urefu wa kila mmoja kwa rula, ana mayai au hana. Urefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Misimu miwili baada ya kufunga, mkianza kuona wadogo wengi wa urefu mmoja, hao ni matunda ya mvua mliyoilinda. Mkiona wakubwa wachache tu kila mwaka, kutaga hakufanikiwi, na tatizo liko juu ya mto.

Mwiteni mnunuzi kabla ya mvua. Wanawake wanaochoma na kuchuuza ningu wanajua bei ya ningu mwenye mayai kuliko ofisa yeyote, na wengine wao ndio wanaowakopesha wavuvi fedha za nyavu. Mkopo uliochukuliwa Septemba lazima ulipwe kwa samaki wa Novemba, na hapo ndipo doria inapokutana na mtu asiye na namna. Kikundi cha akiba cha mwaloni kikikubali kusogeza marejesho hadi baada ya maji kushuka, wavu mmoja mmoja utabaki nyumbani. Mazungumzo hayo yafanyike Agosti, kabla fedha hazijatoka mikononi mwao.